Ua Lisilo na Usumbufu

Mkaa ulikuwa umeisha. Maharage yalikuwa jikoni, ndiyo kwanza yameanza kutokota. Mume wangu Evance alikuwa zamu Soga, kwenye stesheni ya treni mpya, ambako ni mlinzi. Nikachukua mfuko, nikafunga kanga juu ya tumbo langu la miezi minane, nikatoka kwenda barabarani. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, ule wakati ambao pale Misugusugu malori yanawasha taa lakini bado unaweza kuona sura za watu.

Mimi ni mtu wa aibu. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyonipata yalipitia kwenye aibu yangu. Dukani nikiomba chumvi nikapewa sukari, naondoka na sukari. Nyumbani nitasema nilitaka sukari.

Njiani kuna watu wanaouza miche na maua kwenye viriba vyeusi vya plastiki. Wengi walikuwa wanafunga biashara. Leodegar, kijana mwenye kibanda kikubwa kuliko wote, alikuwa anamwagia maji miche yake ya mwisho. Mbele yake kidogo alikaa mama mmoja, chini, kwenye kigunia. Hakuwa na kibanda. Alikuwa na ua moja tu.

"Mwanangu," akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo uone."

Nikaenda. Ningesemaje siendi?

Lilikuwa na mashina manene kama vidole, na majani yaliyopangana huku na huku, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Lakini yalikuwa meusi. Meusi kama ganda la biringanya. Sikuwahi kuona jani lenye afya likawa na rangi ile.

"Hili la ndani," akasema. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama kuna mtu amelala karibu. "Halitaki jua. Halitaki mbolea. Maji mara moja kwa wiki tatu, na ukisahau halisemi. Halina usumbufu."

"Nimekuja kununua mkaa tu, mama."

"Sikuuzii. Nakupa."

Akalitazama tumbo langu. Watu hulitazama tumbo wakacheka, au wakaombea. Yeye alilitazama kama mtu anayekisia kama mchele uliopo utatosha wageni.

"Lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Mnaishi kwenu?"

"Tumepanga. Chumba na sebule."

"Kuna uwanja?"

"Upo. Lakini umesakafiwa wote."

Akatabasamu. Sikuelewa kwa nini saruji imfurahishe mtu.

"Basi beba," akanong'ona. "Na usiseme asante."

Nilitaka kukataa. Neno lilifika kooni... likarudi. Nikabeba.

Kiriba kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Na kilikuwa na harufu. Harufu ya udongo mbichi, na chini yake harufu nyingine, tamu kidogo, iliyoanza kuchacha.

Sitaki kusema uongo, ua lile lilipendezesha nyumba. Nilitafuta ndoo ya rangi iliyoachwa na mafundi, nikatoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikalihamishia humo na udongo wake wote. Ndoo nikaizungushia kitenge. Nikaliweka kwenye kona, kando ya runinga, juu ya stuli yenye kitambaa nilichofuma mwenyewe. Weusi wake dhidi ya ukuta mweupe... macho ya mgeni yalikuwa yanaanzia pale. Kila Jumamosi nilipangusa majani kwa kitambaa chenye maji, kisha nikaizungusha ndoo robo, maana nililiona linainamia dirishani.

Evance aliporudi asubuhi alisimama mlangoni. "Sasa hapa pamekuwa kwa watu," akasema.

Jirani yangu Laurensia, wa chumba cha pili, yeye haachi kusema. "Shoga, umehamia Masaki bila kutuaga? Siku moja utanikatia tawi."

Mwezi uliofuata nilijifungua. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Alilia mpaka mkunga akacheka. "Huyu atakuwa mbunge." Tukamwita Wema.

Siku ya saba kitovu chake kikadondoka.

Kwetu Rungwe kitovu cha mtoto hakitupwi. Kinazikwa shinani mwa mgomba nyuma ya nyumba, na mgomba ule unakuwa wa mtoto. Jioni ileile mama yangu akapiga simu.

"Kimedondoka?"

"Ndiyo, mama."

"Umekizika wapi?"

"Bado."

"Usikilaze ndani siku nyingi. Zika penye kitu kinachoota. Unasikia?"

Evance aliniambia nikifunge kwenye karatasi nikitumbukize chooni, hayo ni mambo ya zamani. Sikuweza. Lakini ningezika wapi? Uwanja wote saruji. Kulikuwa na kipande kimoja cha udongo, upande wa mwenye nyumba, penye mpapai wake. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara mbili nimuombe. Mara zote mbili nilimwamkia, akaitikia, nikarudi. Ningemwambiaje mzee wa watu nataka kuchimba kwake nizike kitovu cha mwanangu?

Siku ya tatu, magharibi, nilikaa sebuleni nimempakata Wema. Nikatazama ile kona.

Udongo upo. Kitu kinachoota kipo. Na mpangaji akihama anahama na ua lake. Nikajiona nina akili.

Nikamlaza Wema kwenye kochi, nikachukua kijiko nikachimba.

Udongo ulikuwa na joto. Joto kidogo tu... kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Nikaweka kile kipande kidogo kikavu, nikafukia, nikasawazisha kwa vidole.

Ndipo niliposikia.

Sauti ndogo. Ile sauti ya midomo ya mtoto anapolishika ziwa na kuanza kuvuta.

Nikageuka haraka kumtazama Wema kwenye kochi. Alikuwa amelala. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Kuanzia kesho yake hakulia tena.

Mwanzoni nilifurahi. Mama gani hafurahi? Alilala usiku mzima. Akiamka alikuwa kimya, macho wazi, anatazama dari. Nepi mbichi halii. Mbu akimuuma halii. Alinyonya kidogo, akageuza uso. Mwezi wa pili alinyonya mara moja kwa siku. Mwezi wa tatu mara moja kwa siku tatu. Matiti yalijaa yakawa kama mawe, nikawa nayakamua usiku kwenye kikombe huku machozi yananitoka, na yeye pembeni ananitazama tu.

Kila mtu alinisifu.

"Mtoto hana usumbufu," walisema kwenye foleni ya kliniki. "Sisi wenzako hatulali, dada. Unampa nini?"

Nesi alimning'iniza kwenye mizani. Mwezi wa kwanza, kilo nne. Wa pili, kilo nne. Wa tatu, kilo nne. Akaigonga mizani kwa kidole. Akampima mtoto mwingine, mizani ikafanya kazi.

"Ana homa?"

"Hana."

"Anatapika? Anaharisha?"

"Hapana."

"Mnyonyeshe zaidi, mama. Mtoto mzuri hivi, mpaka anang'aa."

Ni kweli alikuwa anang'aa. Sikuwa nimempaka mafuta.

Wakati huo ua lilikuwa linatoa machipukizi. Yalitoka kijani laini kama maharage machanga, na baada ya wiki mbili yakawa meusi kama mengine. Sita. Tisa. Ndoo ya plastiki ikaanza kuvimba ubavuni. Tangu azaliwe mtoto sikuwa nimelimwagia maji hata tone.

Asubuhi moja nilimtoa Wema nje apate jua, kama nesi alivyoagiza. Mwanga ulipomgusa, ngozi yake ikajikunja. Nikamrudisha ndani mbio. Nikamlaza kichwa ukutani, nikaenda kutafuta kanga. Niliporudi kichwa kilikuwa kimeelekea dirishani.

Nikamgeuza. Nikakaa nimtazame.

Sikumwona akisogea. Naapa sikumwona. Lakini baada ya saa moja alikuwa ameelekea dirishani tena.

Nilikaa kitako sakafuni. Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka kuizungusha ndoo robo... na sasa namzungusha mwanangu.

Wiki ile, saa kumi alasiri, Laurensia aliingia na mkasi wa jikoni.

"Mama Wema, leo nimelifuata tawi langu."

"Ngoja kwanza, Laurensia..."

"Ningoje nini? Unaliona lilivyojaa? Uchoyo huo." Alikuwa anacheka. "Halafu ua la kuomba halishiki. La kuiba ndiyo linashika. Hebu geuka huko, nikuibie."

Nilitaka kusema usikate. Lilikuwa neno moja tu. Lilifika kooni.

Mkasi ukalia.

Na Wema akapiga ukelele.

Miezi mitatu nilikuwa nautamani mlio wake. Haukuwa huu. Ulikuwa mlio wa mnyama aliyenaswa. Nikamnyanyua. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimelegea, kinaning'inia. Kikawa cheupe. Kisha mbele ya macho yangu, kuanzia ncha, kikaanza kuwa cheusi.

"Nini hicho?" Laurensia akanong'ona. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe ulioshika tawi.

Kutoka pale alipokata, kitu cheupe kilikuwa kinatiririka. Kilimfika mpaka kwenye kiwiko. Nikakigusa. Nikakinusa.

Maziwa.

Maziwa yangu. Mama anaijua harufu ya maziwa yake.

Laurensia aliangusha mkasi na tawi akatoka. Tangu siku ile tukikutana bombani ananisalimia akitazama chini.

Hospitali walisema damu haikufika kidoleni. Walikifunga bandeji. Tulipofika nyumbani Evance alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona.

"Nalichoma hili dude."

Nikamshika mkono kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. "Kidole kimoja kimekufa kwa mkasi, Baba Wema. Ukiwasha moto?"

Akanitazama. Akamtazama mtoto. Akakaa kwenye kochi akalia kimyakimya. Sijawahi kumwona akilia. Asubuhi alipokwenda zamu, mimi nilimfunga Wema mgongoni nikaenda barabarani.

"Yule mama?" Leodegar alijikuna kichwa. "Anaitwa Hajira. Hayupo. Amesharudi kwao Kisarawe."

"Alikuwa anauza hapa siku nyingi?"

"Nani, Hajira? Hajawahi kuuza, dada. Alikaa hapa kama miezi miwili na ua lake moja. Wateja walikuwa wanalitaka, anawafukuza. Tukamuona wa ajabu." Akafikiri kidogo. "Siku ulipopita wewe, ndiyo akaondoka."

Alinielekeza. Ukifika Kisarawe mjini ushike njia inayoelekea msituni, nyumba ya mwisho kabla ya miti, yenye bati jekundu.

Nilirudi nyumbani kuchukua ndoo, na hadi nipate pikipiki iliyokubali kunibeba nayo ilikuwa alasiri. Mimi nyuma na mtoto mgongoni, ndoo katikati yangu na dereva. Tulipita Kiluvya, tukaacha lami. Baada ya muda dereva akageuza kichwa.

"Dada, humo ndani kuna kuku?"

"Ni ua tu."

"Mbona linanipiga mgongoni?"

Nikaikumbatia ndoo. Na mimi lilikuwa linanipiga tumboni. Taratibu... pu... pu... pu... Na mgongoni mwangu nilikuwa nauhisi moyo wa Wema, unapiga pamoja nalo.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Dereva alinishusha mbali kidogo na nyumba, akasema hapo kwenye miti hapapendi, akaondoka bila kuzima injini.

"Hodi," nikaita.

"Karibu, Mama Wema. Umechelewa."

Sikuwahi kumwambia jina la mtoto. Lilikuwa bado halijazaliwa kinywani mwetu siku ile aliponipa ua.

Ndani palikuwa na giza la mapazia. Harufu ilikuwa ileile, udongo mbichi na utamu uliochacha. Kwenye kiti, kando ya dirisha, alikaa mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu au minne, amevaa shati safi lililopigwa pasi. Hajira alikuwa amepiga magoti mbele yake na kitambaa chenye maji. Alikuwa anampangusa uso. Anapangusa kuanzia katikati kwenda pembeni, taratibu... kama ninavyopangusa majani.

"Huyu ni Shomari," akanong'ona. "Ana miaka tisa."

Mtoto aliyageuza macho kunitazama. Alikuwa anang'aa.

"Mwanangu anakufa, mama," nikasema.

"Hafi. Aliye huko kwenye ua hafi." Alikamua kitambaa. "Wangu alishikwa na degedege akiwa na miaka mitatu. Walishamfunika shuka. Bibi yangu akasema, kitovu chake si umekitunza? Kizike kwenye ua lile jeusi la msituni. Nikazika. Akafumbua macho. Nikamshukuru Mungu." Akacheka kidogo, bila sauti. "Miaka sita, mwanangu. Hali, hakui, halii. Namuweka pale, anakaa pale. Namgeuza kila wiki asipinde. Nampangusa vumbi. Watu walikuwa wananiambia una mtoto mtulivu. Unajua nilivyotamani anisumbue? Hata siku moja. Avunje sahani."

Nilijua. Hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba nilijua.

"Kwa nini mimi?"

"Ulikuwa na tumbo. Na huna ardhi. Mwenye ardhi anazika kwake." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Ua likipata kitovu cha pili, cha kwanza kinanyonya kwa cha pili. Tangu uzike, wangu ameota jino. Na juzi..." Akamnyoosha mtoto kola ya shati. "Juzi alisema 'mama, uji.' Miaka sita. Akaniomba uji."

"Nirudishie Wema."

"Una miaka mingapi? Ishirini na mbili? Utazaa mwingine. Mimi nimeshafunga uzazi. Rudi nyumbani, mwanangu. Hatakusumbua. Mpanguse, mgeuze. Utamzoea."

Utamzoea.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, neno lilifika kooni na halikurudi.

"Hapana," nikasema.

Nilitoka na ndoo mpaka barazani. Nikaipiga teke. Ilishavimba, ikapasuka yenyewe kama tikiti. Udongo ukamwagika. Ndani, chini ya mashina yote yale, kulikuwa na viazi viwili vya rangi ya ngozi, vimeshikana shingoni. Kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Vyote viwili vilikuwa vinapumua.

Panga lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Nikalichukua.

Hajira alikuwa amesimama kizingitini. Hakunikimbilia. Hakupiga kelele.

"Kata," akanong'ona. "Ukikata kimoja, hicho kitakauka na mwenye kingine atainuka. Lakini unamjua wako?"

Sikumjua. Kikubwa kingeweza kuwa Shomari aliyenyonya miezi mitatu. Kingeweza pia kuwa Wema aliyekuja na unono wake.  Wema mgongoni alikuwa baridi kama chupa.

"Kipi?" nikamuuliza. "Mama, nakuomba. Kipi?"

Akakunja mikono kifuani.

Basi nikainua panga juu ya kile kikubwa, na sikukitazama. Nilimtazama yeye usoni. Hakuna kilichobadilika. Nikalisogeza panga juu ya kile kidogo.

Macho yake yakashtuka. Mara moja tu, kama mtu aliyechomwa na sindano.

Mama hawezi kuyazuia macho yake. Nikajua. Kidogo ndiye wake.

Nikakikata.

Ndani ya nyumba sauti ya mtoto ilisema, "Mama." Mara moja. Wazi kabisa. Niliona kupitia mlangoni, alivyoinama kwenye kile kiti... polepole... kichwa kikitangulia, kama jani lililokosa maji.

Na mgongoni kwangu Wema akalia.

Alilia! Kilio kikubwa, cha hasira, cha njaa. Joto likarudi mgongoni mwangu kama mtu amenimwagia maji ya moto. Nikamfungua nikakaa palepale chini kwenye udongo, nikampa ziwa. Akalidaka. Akavuta mpaka nikaumia. Nilikuwa nalia na kucheka, na mikono yangu ilikuwa imejaa maziwa meupe ya kile kiazi, na kupitia mlangoni namuona mtoto wa mtu amekufa kitini na shati lake lililopigwa pasi. Nitawaambia ukweli. Sikumwonea huruma. Saa ile ningekata hata kumi.

Nikamngoja Hajira apige yowe. Nikashika panga tena.

Hakupiga yowe. Wala hakuingia ndani kwa mwanawe. Alipiga magoti mbele yangu, akaiinamisha shingo, akawa anamsikiliza Wema anavyonyonya. Alisikiliza kama mtu anayesikia hatua anazozijua nje ya nyumba.

"Alikuwa na njaa," akanong'ona.

Akanyoosha kidole akaligusa shavu la mwanangu. Nikamvuta mtoto kwangu.

"Ukimlaza, mlaze ubavu wa kulia," Hajira akasema. "Kushoto hapendi."

Kisha akainuka, akaingia ndani, akaanza kufunga madirisha.

Sasa umepita mwaka na miezi miwili. Wema ana kilo kumi na moja. Nesi aliipiga muhuri kadi yake akasema angekuwa na uwezo angempa zawadi. Alitembea akiwa na miezi tisa. Ana meno mengi kuliko wenzake. Analia usiku, analia mchana, amevunja vikombe viwili na sahani ya wageni. Evance anasema tumepata mbunge wetu tena. Anamrusha juu, anamdaka, anacheka, na mimi nacheka. Nilimwambia Hajira hakuwepo, na kwamba ua nililitupa msituni. Hajaniuliza zaidi.

Wema hulala ubavu wa kulia. Nimejaribu kumgeuza. Watoto wengi hulala hivyo.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunatoka kanisani, mimi na yeye tu. Alikuwa ananisumbua mgongoni, anadai maandazi, anapiga mateke. Tukafika barabarani tungoje malori yapite.

Ghafla akanyamaza.

Hajira alikuwa amesimama ng'ambo. Baibui safi, mikono mitupu. Hakuwa amekonda. Hakuwa na sura ya mama aliyezika.

Wema alitoa mikono yote miwili kwenye kanga, akainyoosha kuelekea kwake. Hakulia. Alikuwa ametulia tu na mikono yake imenyooka, na nilihisi moyo wake unavyokwenda mbio mgongoni mwangu.

Yule mama hakuvuka. Aliinua kiganja akampungia, anatabasamu, kama mama anayemwacha mtoto shuleni asubuhi akijua jioni atamfuata.

Nilirudi nyumbani mbio, nikafunga mlango na komeo. Nimewaza kumuuliza mama yangu kama macho ya mama yanaweza kushtuka kwa makusudi. Nimewaza kumuuliza mchungaji. Sijamuuliza mtu, na safari hii si aibu. Ni kwamba nikiuliza, nitajibiwa.

Nikakaa kitandani nikampa ziwa. Alinyonya taratibu, hajaufumba hata ukope, ananitazama usoni. Anashika ziwa kwa mkono mmoja, hadondoshi hata tone. Ana adabu sana anaponyonya. Kama mtu anayejua kwamba anakula kwa watu.